Jenereta yako ina kVA ngapi kweli? Kusoma kibati, kupima lodi na kuseti ulinzi kwa sisi wa Arusha na Moshi

Saa kumi na mbili na nusu jioni, loji moja upande wa Usa River, wageni wamerudi kutoka porini na vumbi lao na kila mmoja anaingia kuoga muda uleule. Jenereta ya kVA 60 ambayo mchana kutwa ilikuwa inanguruma vizuri tu inaanza kuzama sauti, taa zinafifia, dakika chache breka imeruka. Mlinzi anairudisha, inakaa kidogo, inaruka tena. Meneja akanipigia kwamba jenereta imekuwa ndogo, nimtafutie ya kVA 100. Nikamwomba anisubiri mpaka kesho yake jioni, nikaenda na klampu mita (kifaa kinachobana waya na kusoma ampia), nikabana waya mmoja mmoja wakati wageni wanaoga: fezi nyekundu ampia 131, njano 31, bluu 26.

Jumlisha hapo, ni ampia 188, zidisha kwa volti 230 unapata kama kVA 43. Yaani mashine ya 60 imebeba 43 halafu inaruka. Ila kVA 60 kwenye fezi tatu za volti 400 maana yake ni ampia 87 kwa kila fezi, sio ampia 260 za kutumia upande wowote unaotaka. Shawa moja ya umeme ya kW 5 inakula karibu ampia 22, na aliyefunga waya kwenye nyumba za wageni alizipanga shawa sita zote kwenye fezi moja. Tukazigawa mbili mbili, hakuna fezi iliyofika 80, habari ya kununua mashine mpya ikaishia hapo. Hata TV iliyokuwa imeungua wiki ya nyuma ilipata maelezo, kwa sababu fezi moja ikielemewa AVR (kifaa kinachoweka volti za jenereta sawa) inapandisha nguvu kuiokoa, na zile fezi mbili nyepesi zinapanda volti kupita kiasi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, pitia hatua hizi. Namba iliyoandikwa kwenye jenereta ni ahadi yenye masharti, na hayo masharti ndo hakuna mtu anakusomea dukani.

Hatua ya 1: Soma kibati chote, sio kVA peke yake

Kibati, ile pleti ya chuma yenye vipimo vya mashine, kikiwa kizuri kina namba mbili za kVA, mfano 66 na 60. Ile kubwa ni ESP, wengi tunaiita stendibai. Kwa utaratibu wa ISO 8528, kiwango cha kimataifa cha jenereta, hiyo ni ya mashine inayowaka umeme wa gridi ukikatika tu, isizidi saa 200 kwa mwaka, wastani wa lodi ndani ya saa 24 usipite asilimia 70 ya hiyo namba, na ovalodi hairuhusiwi kabisa. Saa 200 sio nyingi jamani, ni kama saa 16 na nusu kwa mwezi. Ukiwasha saa mbili kila siku umeshafika 730 kwa mwaka, wewe sio mtu wa stendibai tena hata kama muuzaji kakwambia hivyo.

Ile ndogo ni PRP, praimu. Hapo saa hazina kikomo na lodi inaruhusiwa kupanda na kushuka, ila wastani wa saa 24 ni uleule asilimia 70 isipokuwa mtengenezaji wa injini amekubali zaidi, na watengenezaji wengi wanakupa ovalodi ya asilimia 10 kwa saa moja ndani ya kila saa 12. Mtu wa loji isiyo na gridi, mtu wa pampu ya shamba, mwenye mashine ya kusaga inayotegemea jenereta, wote hawa wanunue kwa namba ya PRP. Utakutana pia na COP, ambayo ni mzigo mmoja usiobadilika, asilimia 100, saa zote, na LTP ambayo mwisho wake ni saa 500 kwa mwaka, ila mitaani kwetu hizo ni nadra.

Watu wananiuliza inakuwaje mashine moja ina namba mbili. Chuma ni kilekile na shaba ni ileile, kinachobadilika ni joto unalokubali kuishi nalo. Stendibai inaruhusu waya za altaneta (sehemu inayozalisha umeme, inayozungushwa na injini) zipate joto zaidi kwa sababu zitapata mara chache, na kwenye insulesheni hesabu ya kawaida ya mafundi ni kwamba kila digrii 10 za ziada zinakata umri wake karibu nusu. Ukiendesha kila siku kwa namba ya stendibai hutaona kitu mwezi wa kwanza, utaona siku altaneta inanuka kama plastiki iliyopikwa.

Halafu kVA na kW. kVA ni volti mara ampia, kW ni ile sehemu inayofanya kazi kweli, na pawa fakta ni uwiano kati yao. Mashine za fezi tatu karibu zote zinaandikwa kwa pawa fakta 0.8, kwa hiyo kVA 60 ni kW 48. Injini inajali kW, altaneta inajali kVA, na unatakiwa usivuke yoyote kati ya hizo mbili.

Hatua ya 2: Toa ushuru wa mlima

Hii ndo inayotuuma sisi wa huku kuliko watu wa Dar. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, Moshi mjini kama 800 hadi 900, na ukipanda Marangu unaongeza. Hewa ni nyepesi, injini inavuta oksijeni kidogo, dizeli haiungui yote, unaona moshi mweusi na nguvu haipo. Vipimo vya kiwandani vinachukuliwa kwenye hewa ya karibu usawa wa bahari, digrii 25.

Kwa injini isiyo na tabo (ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), hesabu ya haraka ni kupoteza asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Arusha hapo unapoteza kama asilimia 14 hadi 16. Jenereta ya kVA 20, yaani kW 16, ukiifunga Sakina inakupa kama kW 13.7, na hiyo ni ikiwa mpya na filta safi. Injini yenye tabo inavumilia zaidi, nyingine hazishuki mpaka juu kabisa, lakini usikisie, omba jedwali la mtengenezaji la hiyo injini kwa jina na namba yake. Altaneta nayo ina mpaka wake, kwa kawaida mita 1,000 na digrii 40, ukivuka unapunguza kidogo, na watengenezaji wengi wanasema asilimia 3 kwa kila mita 500 za ziada na asilimia 3 kwa kila digrii 5 za ziada. Moshi mwezi wa pili, chumba cha jenereta kisicho na madirisha ya maana, hizo digrii 40 unazifikia bila shida.

Kitu kingine cha huku ni kofia ya rejeta. Maji Arusha yanachemka kwenye digrii 95 hivi, sio 100. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni presha, na presha inashikwa na springi ya ile kofia. Nimeona mtu kabadilisha pampu ya maji, kabadilisha thamostati, bado mashine inajizima kwa joto, kumbe kofia imelegea na mpira wake umepasuka. Anza na kofia.

Hatua ya 3: Andika siku yako yote

Usijumlishe stika za vifaa. Pima. Chukua klampu mita, kila nusu saa bana fezi zote tatu, andika, siku ya kazi na siku ya wikiendi. Kama kontrola yako (kompyuta ndogo ya jenereta yenye skrini) inaonyesha kW hata bora, piga picha skrini.

Tuchukue mfano wa mashine ya kVA 100 praimu, kW 80 kwenye kibati, na baada ya ushuru wa mlima tuseme jedwali limekupa kW 72. Inawaka saa 12: saa 3 za jioni kW 70, saa 4 kW 45, saa 5 za usiku kW 15 tu. Kwenye wastani lodi yoyote iliyo chini ya asilimia 30 inahesabiwa kama asilimia 30, na muda ambao mashine imezimwa hauingii, wengi wanakosea hapo wanagawanya kwa 24 wanajiona wako salama. Asilimia 30 ya 72 ni 21.6, kwa hiyo ni 210 na 180 na 108, jumla 498, gawanya kwa 12 unapata kW 41.5. Mpaka wako ni asilimia 70 ya 72, yaani 50.4. Wastani uko sawa. Ila kilele cha 70 kinagusa paa la 72, hakuna nafasi ya mota hata moja kuwaka jioni, na usiku mashine inalala kwenye kW 15 ambayo nayo ni tatizo lake peke yake. Kwa mtu huyu kununua kVA 150 kungeponya jioni kukaua usiku. Dawa ni kupeleka kufua nguo na kupampu maji mchana, au kuwa na mashine ndogo ya usiku.

Hatua ya 4: Mota, hapa ndo lodi inapoumiza

Mashine ya kusaga ya Himo, mota ya 20 hp, sawa na kW 15. Ikiwa inazunguka inakula kama ampia 28, mtu anaona jenereta ya kVA 60 ni kubwa mno. Sasa wakati wa kuwaka, ukiipa umeme moja kwa moja, inavuta mara sita, ampia 168, ambayo ni kama kVA 116. Karibu mara mbili ya jenereta yote. Inadumu sekunde chache, lakini ndani ya hizo sekunde volteji inazama, kontakta (swichi za sumaku) za vifaa vingine zinaachia, kompyuta zinazima, na wakati mwingine kontakta ya mota yenyewe inaachia na kushika tena na tena, takatakataka, mpaka nyuso zake zinaungana.

Kinachotokea ndani ni vitu viwili kwa pamoja. Altaneta inaelemewa na ampia, volti zinashuka. Injini inaelemewa na kW, mwendo unashuka kutoka Hz 50 kwenda 47 au 46, na AVR ikiona mwendo umeshuka inapunguza volti kwa makusudi ili kuipunguzia injini mzigo ipate pumzi ya kurudi. Kuna mafundi wanaona volti zinashuka wanaenda kukaza skrubu ya AVR ili zisishuke, matokeo yake injini inazimika kabisa. Usiiguse hiyo skrubu kama gavana (inayoshika mwendo wa injini) na filta ya dizeli hujavikagua.

Ukiweka stata ya sta-delta, inayoiwasha mota kwa nguvu ndogo kwanza halafu kamili, hiyo kVA 116 inakuwa kama 39, theluthi. Ila nguvu ya kuzungusha nayo inakuwa theluthi, kwa hiyo kinu kiwe kitupu wakati wa kuwasha, usiwashe mahindi yakiwa yamejaa ndani. Draivu ya kielektroniki inalainisha zaidi lakini inachafua mawimbi ya umeme, na UPS kubwa ni hivyohivyo, zikiwa nyingi chukua altaneta kubwa hatua moja na AVR yenye PMG, ile inayopata umeme wake kutoka sumaku yake pembeni.

Utaratibu wa kuwasha: mota kubwa kwanza, wakati mashine ni tupu, subiri sekunde 10 hivi mwendo utulie, halafu inayofuata. Injini za tabo hazipendi kutupiwa mzigo wote kwa mkupuo kwa sababu tabo inahitaji muda kujaza hewa. Na kama kiwanda chako kina kapasita za kurekebisha pawa fakta, zitoe unapokuwa kwenye jenereta. Lodi ikiwa ndogo kapasita zinasukuma volti juu na AVR haina uwezo wa kuzishusha.

Lodi ndogo nayo inaua

Dizeli ikikaa chini ya asilimia 30 kwa masaa mengi haipati joto la kutosha, ringi hazibani vizuri kwenye silinda, dizeli na oili zisizoungua zinatoka kwenye ekzosi kama lami nyeusi inayotiririka. Ukiona hivyo usikimbilie kufungua injini. Ipe mzigo mkubwa, asilimia 70 hadi 80, saa mbili tatu, mara nyingi inajisafisha. Kwa mashine ya stendibai, kila mwezi iwashe dakika 30 ikiwa na lodi isiyopungua asilimia 30. Kuiwasha tupu kila Jumatatu asubuhi, kama tunavyofanya wengi, unaichafua tu.

Hatua ya 5: Ulinzi

Upande wa injini kuna vitu vinne visivyo na mjadala: presha ya oili, joto la maji, usawa wa maji na mwendo kupita kiasi. Namba za presha na joto zinatoka kwenye kitabu cha injini yako, mwendo mimi naseti asilimia 115, yaani RPM (mizunguko kwa dakika) 1,725 kwa mashine ya 1,500. Mtu akikwambia sensa inasumbua akaifunga kwa waya, mwambie airudishe kabla hajaondoka, kwa sababu injini ikikosa oili hakuna mtu atakayekimbia kutoka jikoni akaiwahi.

Upande wa umeme, volteji chini ya 207 au juu ya 253 kwa sekunde tano hadi kumi, zima. Huo muda ni wa makusudi, mota ikiwaka volti zinazama sekunde mbili tatu, ukiseti bila kuchelewesha utakuwa unazimikiwa kila siku mpaka uchoke uzime ulinzi wote. Frikwensi, huwa naanza na 46 chini na 55 juu, nazo kwa kuchelewesha kidogo.

Sasa breka, na hapa nakaa kwa sababu imenifundisha vibaya. Miaka ya mwanzo nilifunga jenereta kwenye karakana ya mbao mtaa wa Unga Limited, nikaweka breka nzuri ya ampia 100, ile ya kawaida inayoruka papo hapo ikifika mara kumi. Siku moja waya wa mashine ya randa ukachubuka ukagusana, mbali, mwisho wa jengo. Nilikuwepo. Taa zilikuwa nyekundu kama makaa, jenereta inalia kwa sauti nzito, na breka imekaa tu kama haioni kitu. Tulizima kwa mkono. Waya ulikuwa umeshayeyuka mita nzima na maranda ya chini yameanza kushika moto.

Breka haikuwa mbovu. Umeme wa gridi nyuma yake kuna transfoma na mtandao mzima, shoti ikitokea ampia zinapanda kwa maelfu na breka inaruka hapohapo. Jenereta haina hiyo nguvu. Shoti ikiwa karibu, mwanzo kabisa inaweza kutoa hata mara nane ya ampia zake, lakini hiyo inakufa haraka sana, na kama AVR inajilisha kutoka kwenye waya zilezile za altaneta, volti zikianguka AVR nayo inakosa chakula, ampia zinashuka. Ile shoti ya mbali haikuwahi kufika hata mara tatu. Breka yangu ilikuwa inasubiri ampia 1,000 ambazo hazitakuja kamwe.

Kwa hiyo nunua breka inayorekebishika. Upande wa joto, ule unaoruka taratibu kwa ovalodi, useti kwenye ampia za mashine yako baada ya ushuru wa mlima, sio za waya na sio za breka. Upande wa papo hapo useti chini kidogo ya mara tatu, kisha hakikisha mota yako kubwa haivuki hapo wakati wa kuwaka: ile ya 20 hp ilikuwa ampia 168 na mashine ni ya 87, kama mara mbili, iko salama. Na kwenye jengo lenye nyaya ndefu chukua altaneta yenye PMG, inaweza kushikilia kama mara tatu ya ampia zake kwa sekunde kumi hivi, ili breka ipate muda wa kuona shoti na kuikata.

Ovalodi ya taratibu usiiachie breka ikuzimie hoteli nzima. Kontrola nyingi za siku hizi zina nafasi ya kutoa amri lodi ikifika kiwango fulani. Pale Usa River niliseti asilimia 85, kontakta inatoa mashine za kufua nguo na hita za tangi kwanza, ikirudi chini ya 60 inazirudisha. Wageni hawajui hata kama kuna kitu kimetokea.

Ukiwa na mashine mbili zinazofanya kazi pamoja ongeza ulinzi wa nguvu kurudi nyuma, maana injini moja ikikosa dizeli mwenzake itaigeuza mota na kuizungusha. Kiwango cha kawaida kwa dizeli ni asilimia 8 hadi 15. Kazi ya kuunganisha mashine mbili mpe fundi aliyeifanya kabla.

Ethi: fimbo ardhini kwa jenereta, nyutro ya altaneta iunganishwe na ethi sehemu moja tu, na chenjiova (swichi ya kuhama kati ya gridi na jenereta) iwe ya nguzo nne, inayokata fezi tatu pamoja na nyutro, ili nyutro ya gridi na ya jenereta zisigusane. Bila hiyo, vifaa vya kugundua umeme unaovuja vinachanganyikiwa. Na hakuna kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme unarudi kwenye laini, transfoma ya mtaani inaupandisha, na fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Yule kijana ana familia. Chenjiova kwanza, jenereta baadaye.

Siku ya kukabidhiwa

Usisaini baada ya kuisikia inawaka. Iwashe, iache ipate joto, panda robo, nusu, robo tatu, mpaka kileleni, saa mbili kileleni, ukiandika volti, Hz, ampia za kila fezi, joto la maji na presha ya oili kila dakika 15. Washa mota kubwa ukiangalia Hz inashuka mpaka ngapi na inarudi kwa sekunde ngapi. Chomoa waya wa sensa ya joto au ya oili kwa namna kitabu kinavyoelekeza uone kama inajizima kweli. Hiyo karatasi itundike ukutani kwenye chumba cha jenereta, na mwakani ufanye jaribio lilelile, kwenye saa zilezile za jioni, uweke namba mpya pembeni ya za zamani.